Varsenik na Ukuta wa Bibi Frume

Mkate wa Varsenik ulikuwa mrefu kiasi cha kumfunika mtoto mchanga kichwa hadi miguu, na mwembamba hata ukiuinua juani unaona kivuli cha mkono wako upande wa pili. Katika uchochoro wetu wa Hongkou, mjini Shanghai, hakukuwa na aliyejua kuuita jina lake. Mama Qiu, aliyeuza mikate ya ufuta pale mlangoni mwa uchochoro, aliuita shuka. "Mama Pua, leo umefua shuka ngapi?" ndiyo iliyokuwa salamu yake ya kila asubuhi, maana pua zetu wageni ziliwachekesha Wachina. Varsenik, ambaye Kichina chake kilikuwa cha kuombea maji tu, alijifunza jibu moja akalitumia miaka tisa: "Nyingi kuliko zako!" Hapo wote wawili huangua kicheko na kuendelea na kazi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa uongo, maana tanuri aliuziwa na mume wa Mama Qiu. Lilikuwa pipa lililokandikwa udongo kwa ndani, na Wachina hubandika mikate yao ubavuni mwake, sawasawa na wanawake wa Van, mji aliozaliwa Varsenik, walivyobandika yao kwenye matanuri yao ya shimoni. Siku Varsenik alipoliona mara ya kwanza, mwaka ule alipohamia na familia yake kutoka Harbin, kaskazini mwa China, alisimama katikati ya njia akalia mbele za watu. Alisema ametembea dunia nzima kwa taabu, na kumbe tanuri limetangulia kufika.

Huyo ndiye Varsenik. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, mfupi, mwenye mikono iliyoungua hadi viwikoni na ulimi usiokopesha. Habari za Van alizisimulia bila kuchoka: ziwa lenye maji ya magadi yanayosafisha nguo bila sabuni, matunda madogo ya manjano yaitwayo aprikoti, yanayopasuka yenyewe mtini kwa utamu. Na paka weupe, jicho moja la bluu na jingine la kahawia, wanaoogelea kama bata. Ukimwambia paka haogelei, umejitafutia siku mbaya. Lakini ukimuuliza yaliyofuata baada ya Van, miaka ile ya vita, alikuwa na sentensi tatu tu: "Tukaondoka. Tukafika Urusi. Reli ikatuleta huku." Miaka mitatu ya maisha ya mtu, sentensi tatu, halafu anakuuliza kama umekula.

Mwanawe wa pekee aliitwa Garegin, fundi umeme kwenye karakana ya meli, miaka thelathini na mmoja na bado hajaoa. Angemwoa nani? Sisi Waarmenia wa Shanghai hatukujaza hata ukumbi wa harusi. Wenzetu Wayahudi walikuwa na masinagogi, shule, hospitali, magazeti, na kamati saba zisizosalimiana. Sisi tulikuwa na chumba kimoja cha kukutania, birika moja la chai, na padri aliyekuja kwa treni wakati wa sikukuu kama njia haijafungwa. Tuliwaonea wivu, tusiseme uongo.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwaka 1947, mvua ikinyesha tangu alfajiri, Garegin alirudi kutoka kazini mapema na karatasi mkononi.

"Mama, soma hii."

"Miwani sina."

"Miwani iko kichwani, Mama."

Akaishusha, akasoma, akairudisha kichwani. Mchuzi wa dengu ulikuwa mezani.

"Warusi wanawarudisha nyumbani Waarmenia wa dunia nzima," Garegin akasema, hata kukaa hajakaa. "Wa Syria, wa Ugiriki, wa Ufaransa. Na sisi! Meli mpaka pwani ya Urusi, halafu treni mpaka Armenia. Orodha inafungwa Ijumaa."

"Inatupeleka Van?"

"Van iko Uturuki, Mama, unajua vizuri."

"Basi haitupeleki kwetu. Kaa ule, chakula kinapoa."

"Inatupeleka Armenia!"

"Hiyo Armenia ya wengine. Wale wa Yerevan wanaongea kama wametafuna kokoto. Sisi watu wa Van."

"Mimi nilizaliwa kule."

"Ulizaliwa njiani. Mtu hazaliwi njiani akadai njia ni ya babake."

Garegin alikuwa mpole kupita kiasi, na wapole wakifika mwisho wa uzi hawapigi kelele. Alitoa mfukoni ramani iliyokunjwa, aliyopewa pamoja na karatasi, akaiweka kando ya mchuzi.

"Bila wewe siendi," alisema. "Siwezi kukuacha hapa peke yako na tanuri. Lakini tangu nina akili umenilisha Van. Ziwa, paka, matunda. Sasa mlango umefunguliwa, unaniambia chakula kinapoa. Haya, tukae. Ila nisipokwenda, Mama, usinihadithie tena habari za kwetu. Hata moja. Masikio yangu nimeyafunga."

Akaingia chumbani mwake bila kula. Varsenik akabaki ameshika tama. Angeweza kustahimili mengi, na mengi aliyastahimili. Lakini mtoto asiyetaka tena kusikia habari za Van, hilo lilimchoma kweli.

Asubuhi alitwaa mikate miwili na ile ramani, akapanda ngazi kwenda kwa majirani zake wa ghorofani. Walikuwa Wayahudi, Gershon, mshona kofia, na mama yake, Bibi Frume, mwenye umri wa miaka themanini na sita, aliyepofuka zamani walipokuwa bado Harbin. Kila alfajiri Gershon alishuka na nguo za kulalia, akatupa kijiti kimoja kwenye moto wa Varsenik, akapanda tena bila neno. Dini yao inataka Myahudi awe na mkono katika moto ndipo bibi aule mkate bila shaka moyoni. Gershon mwenyewe dini hakuwa nayo, sinagogi aliliona mara moja kwa mwaka na kulalamika juu ya joto. Lakini kijiti hakukosa kukitupa, hata siku alipokuwa na homa.

Bibi Frume alikuwa kwenye sala. Alisali mara tatu kwa siku, ameketi kwenye kiti chake, uso umeelekea ukuta uliotundikwa kibao cha mbao chenye simba wawili waliochorwa na herufi za Kiebrania. Kilikuwa kibao cha marehemu mumewe, alichotoka nacho kwao Berdichev, Ulaya. Varsenik alikaa kwenye kona ya Gershon, kati ya kofia, akakunjua ramani polepole ili isitoe sauti.

"Nitafutie Van," akanong'ona.

Gershon akatafuta, akaweka kidole.

"Na Yerusalemu yenu iko wapi?"

Gershon akashusha kidole kidogo tu, kama anayepangusa vumbi. Varsenik alitazama nafasi ile kati ya sehemu zile mbili, akapigwa na butwaa.

"Wewe! Kumbe tulikuwa majirani tangu kule?"

"Inaonekana."

"Na sasa tuko wapi?"

Gershon akapeleka mkono kulia, kulia, kulia tena, akavuka jangwa na milima, mpaka karatasi ilipokaribia kwisha. "Hapa."

Varsenik akaukodolea macho ule ukingo. Yeye ramani hakuzijua, lakini safari aliijua kwa miguu yake. Ile reli ilipowaleta, kila asubuhi jua lilimpiga usoni kupitia dirisha la mbele. Kila kilicho chake kilikuwa nyuma ya kisogo chake. Akamtazama Bibi Frume kwenye kiti, akaitazama ramani, akamtazama tena.

"Bwana Gershon. Nyinyi si mnasali mkielekea Yerusalemu?"

"Ndiyo."

"Jua hapa linatoka upande gani?"

"Kule, baharini."

"Na mama yako ameelekea wapi?"

Sindano ya Gershon ilisimama hewani. Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi yote kwa pamoja.

"Kibao kimeandikwa Mashariki," alisema kwa sauti ya mtu aliyekaliwa kifuani. "Kwetu Berdichev kilikuwa ukuta wa mashariki. Kila nyumba. Harbin babangu alikitundika magharibi, nami nikaona mzee amezeeka, amekosea, kibao kinasema mashariki! Tulipohamia hapa, nikakirekebisha." Akafunika uso kwa kofia aliyokuwa akiishona. "Nikakirekebisha, Mama Garegin!"

Dirisha la chumba kile lilitazama ukuta wa jirani, jua halikuingia saa yoyote ya siku, na bibi hakuona. Aliketishwa pale, akaambiwa ukuta ndio huu, naye akamwamini mwanawe.

"Miaka tisa," Gershon alihesabu kwa kunong'ona. "Mara tatu kwa siku. Karibu sala elfu kumi. Nakuomba, usimwambie. Atakufa papo hapo."

"Usimwambie nani?" Bibi Frume akasema bila kugeuka. "Mimi kipofu, kiziwi bado. Sala elfu kumi zimefanya nini?"

Gershon hakuweza. Ikabidi Varsenik aseme, na kwa ulimi wake ule hakujua kuizungusha habari.

"Bibi, ukuta si huu. Yerusalemu iko nyuma yako. Huko unakoelekea ni baharini."

"Baharini kuna nini?"

"Japani."

Mvua ilisikika kwenye paa.

"Sala elfu kumi nimewapelekea Wajapani," Bibi Frume alisema mwishowe. "Na shukrani yao wakati wa vita ikawa kutufungia mtaa huu na kutupa vitambulisho vya kutokea!" Akaanza kucheka, mabega yakamtetemeka, na Gershon naye akacheka huku machozi yanamtoka. "Babako alikuwa akikuita mwerevu. Mungu amrehemu, mapenzi humpofusha mtu kuliko mtoto wa jicho. Nigeuzeni."

Wakashika kiti, mmoja huku mmoja kule, wakakizungusha. Ukuta wa pili ulikuwa na misumari ya makoti na kofia tatu za manyoya zilizosubiri wenyewe. Gershon akaziondoa haraka. Bibi Frume, ambaye miezi minne alikuwa hasimami ila kwa kubebwa, alishika mikono ya kiti akainuka. Hawakuthubutu kumsaidia. Alipiga hatua mbili, akaunyoshea mkono ukuta mtupu, akaweka kiganja juu yake.

"Nisamehe," aliuambia ule mji. "Nilikupa mgongo. Sikujua."

Varsenik akawaza. Mwanamke huyu hajauona mji ule. Mama yake hakuuona, wala mama wa mama yake, wala wa huyo, rudi nyuma vizazi na vizazi mpaka kichwa kinauma. Hakuna hata mmoja aliyekunywa maji ya pale. Na bado anauomba radhi kama unavyomwomba radhi mgeni mkubwa uliyemketia vibaya barazani! Varsenik alikuwa akijiona mtu mwenye kwao kuliko wote uchochoroni, kwa kuwa yeye aliuona mji wake kwa macho yake. Miaka thelathini na miwili ya kupoteza kwake, na watu hawa wamebeba yao karibu elfu mbili bila kuitua chini. Aliogopa, na ilikuwa hofu ya kanisani. Angekuwa peke yake angepiga magoti.

Wakamrudisha bibi kitini. Varsenik, bila kukusudia, akajikuta anamweleza yote: meli, karatasi, Ijumaa, na masikio ya Garegin yaliyofungwa.

"Hiyo si nchi yangu, Bibi. Ni ng'ambo tu. Kwetu ni Van."

"Una nani huko wanakokupeleka?"

"Sina mtu."

"Hata mmoja?"

"Nimesema sina."

Bibi Frume hakuuliza tena. Alikaa tu, uso umemwelekea, na subira ya kipofu ni kitu kibaya sana. Gershon alikuwa ameacha kushona.

"Tulipotoka Van tulitembea siku kumi," Varsenik akaanza, na sauti haikuwa ile ya kuhadithia paka. "Tukafika Echmiadzin, kwenye kanisa kuu, huko huko Armenia wanakotupeleka. Watu maelfu, tumelala chini ya miti, kando ya kuta. Ugonjwa ukaingia. Nilikuwa na binti, Nazik. Miaka minne. Na mimba ya Garegin. Siku hiyo walisema mkate unagawiwa, nikapanga foleni. Nikamwambia kaa hapa, usiondoke. Alikuwa na homa, angeondoka aende wapi? Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi na mkate, mkokoteni wa maiti ulikuwa umeshampitia. Walikuwa na shimo nyuma ya ukuta. Wote pamoja." "Miezi mitatu baadaye, Garegin akazaliwa palepale. Hovsep, mume wangu, akaniambia, mtoto huyu asijue. Tukanyamaza. Hovsep amekufa na siri yake. Garegin hajui kama alikuwa na dada."

Bibi Frume alitikisa kichwa polepole.

"Baba yetu Ibrahimu aliahidiwa nchi nzima," alisema. "Kaskazini, kusini, kote. Siku anakufa alikuwa na nini mkononi? Kiwanja alichonunua amzike Sara. Basi! Nchi yetu ilianzia hapo, binti yangu, kwenye kaburi la mkewe. Na wewe unaniambia huko si kwako?"

Hasira ilimpanda Varsenik ghafla, ile hasira ya mtu aliyeguswa kidonda.

"Usinifundishe uchungu, Bibi! Mji wako wa kitabuni. Haunuki. Wangu unanuka, unanielewa? Naisikia harufu ya ua wa nyumba yetu mpaka leo nikifungua kinywa cha tanuri!"

"Mama, inatosha," Gershon akasema.

"Haitoshi. Amesema kweli." Bibi Frume akatafuta mkono wa Varsenik hewani mpaka akaupata. "Wangu haunuki. Nimeulilia tangu niko msichana, na hakuna mtu hata mmoja pale ninayemjua kwa jina. Ningekuwa na mmoja, mtoto mmoja tu wa miaka minne nyuma ya ukuta, ningekwenda kwa magoti. Nakuonea wivu, Mama Garegin. Mungu anisamehe, nakuonea wivu."

Varsenik aliutoa mkono wake, akashuka ngazi bila kuaga.

Alhamisi aliunguza mikate. Si mmoja, kumi na minne. Mama Qiu alikuja kuchungulia, akanusa, akataka kutania, kisha akamtazama usoni akaacha. Alimletea bakuli la chai, akaliweka kwenye ukingo wa pipa, akarudi kwenye ufuta wake. Garegin alikula alichopewa na kuondoka kwenda kazini; tangu Jumanne walikuwa wakisemeshana kuhusu chumvi na funguo tu.

Ijumaa asubuhi alimkuta mama yake amevaa gauni jeusi la kanisani, kitambaa kimefungwa vizuri, na tanuri halikuwashwa.

"Vaa viatu vizuri," mama akamwambia. "Tutachelewa."

Garegin hakuthubutu kuuliza, asije akaliharibu jambo. Walikwenda kwa miguu kwenye manyunyu, yeye akimshikia mwavuli na bega lake mwenyewe likilowa. Ofisi ya kuandikisha ilikuwa imejaa, karibu sisi sote tulikuwepo, wengine kuandikisha na wengine kutazama nani anaandikisha. Karani alikuwa kijana aliyetoka Yerevan mwenyewe, na kweli alisema kama ametafuna kokoto. Varsenik alimsikiliza akiwaita watu waliotangulia, na kwa mara ya kwanza tangu amezaliwa alisikia Kiarmenia kikitumiwa na karani wa serikali kumwambia mtu asogee, afunge mlango, asivute sigara humu ndani. Kilimgusa kuliko alivyotarajia.

Ikafika zamu yao.

"Jina?"

Akalitaja.

"Ulizaliwa wapi?"

"Van."

Kijana akaandika Van. Aliuliza kazi, akaambiwa mwoka mikate. Aliuliza dini, ambayo kwao haikutakiwa tena, akacheka mwenyewe, akairuka. Kisha akasoma swali jingine kwenye karatasi.

"Mna ndugu yeyote aliyeko Armenia?"

"Hapana," Garegin akajibu. "Hatuna."

"Tunaye," Varsenik akasema.

Garegin akamgeukia. Karani akachovya kalamu.

"Jina lake?"

"Nazik, binti Hovsep."

"Umri?"

"Miaka minne."

Karani akaandika nne, kisha akainua macho akamtazama bibi huyu mwenye mvi mbele yake.

"Ni mjukuu?"

"Ni binti yangu," Varsenik alisema, na sasa hakuwa akimtazama karani. "Ni dada yako, Garegin. Yuko Echmiadzin, nyuma ya ukuta wa kanisa. Wewe ulizaliwa upande wa pili wa ukuta huohuo."

Karani alishikilia kalamu juu ya karatasi, wino ukadondoka, asiufute. Garegin alivua kofia. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtoto anayeomba kuongezewa hadithi.

"Alikuwa anafananaje, Mama?"

Varsenik akamtazama vizuri, paji la uso, nyusi, mdomo uliokuwa ukitetemeka.

"Kama wewe," akasema, "ukikasirika."